Kisanduku Kinachozimika Jumapili

Jumapili, 4 Septemba 2022

Leo imetimia miaka thelathini na mitatu tangu niondoke kwetu. Nilipoaga nilisema naenda kwa miaka miwili. Watu wa nyumbani ni waungwana — hakuna aliyewahi kunikumbusha hesabu hiyo.

Dada alipiga saa saba mchana, kama kila Jumapili. Kengele ililia, ikalia tena, kisha ikakatika katikati kama mtu aliyezibwa mdomo. Taa zote za kisanduku zikazimika. Zikaanza kuwaka upya, moja moja — ya umeme, ya mtandao, na mwisho kabisa, bila haraka yoyote, ya simu. Mpaka hapo Dada alikwisha kuchoka.

Si mara ya kwanza. Wiki kadhaa sasa.

Niliandike jambo hili vizuri, maana mimi huelewa kwa kuandika. Kisanduku chenyewe hakizidi kipande cha sabuni. Upande mmoja kinaingia waya wa ruta, upande wa pili waya wa simu ya kawaida ya mezani, na katikati, kwa namna ninayoiheshimu bila kuijua, mtandao unageuka kuwa sauti za watu. Binti yangu ndiye aliyenifungia kifaa hiki baada ya mama yake kufariki, alipoona nimebaki peke yangu. Uzuri wake ni kwamba namba yake ni ya kwetu. Dada akiipiga, kwake ni sawa na kumpigia mtu wa mtaa wa pili. Huku inalia sebuleni kwangu. Kwa mujibu wa namba, mimi sijaondoka.

Dada hataki simu za kupapasa. Anasema kitu ukikipapasa sana kinakuzoea. Ana ile yake ya vitufe, na namba yangu anayo kichwani.

Ningeweza kumpigia mimi. Taa ziliporudi nilikaa nikazitazama. Nikajiambia huenda amekwenda kujinyoosha.

Najua anachotaka kuniuliza. Kila mwaka kipindi hiki huuliza: chumba changu safari hii kipakwe rangi gani?

Jumatatu, 5 Septemba

Nimepiga simu kwa kampuni ya kisanduku, kwa simu yangu ya mkononi. Alipokea mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Akaniuliza kama nimejaribu kukizima na kukiwasha. Nikamjibu kwamba hilo ndilo shitaka langu: kinajizima na kujiwasha chenyewe, kimenitangulia. Alicheka kweli, si kicheko cha kazini. Akasema nikitazame siku chache, niangalie kinazimika wakati gani, kuna nini kingine kinachofanya kazi nyumbani, halafu nimpigie.

Akauliza kwa sasa naona kinazimika lini. Nikasema ovyo tu, hakina wakati.

Nimerudi kitini na neno hilo likiniwasha. Maisha yangu yote ya kazi hapa nilikuwa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, kwa mchapaji. Vijana waliofika kazini niliwafundisha hivi: hakuna kosa la ovyo. Kila kosa lina mkono uliolifanya, na mkono una sababu. Leo nimemwambia mtu baki "ovyo", nikakata simu kwa adabu.

Jumanne, 6 Septemba

Nimemshuku birika.

Birika la umeme, taa ya kusomea, ruta na kisanduku vyote vinanyonya kwenye soketi moja ya kuongezea. Nikachemsha maji mara nyingi kuliko chai niliyoweza kunywa. Taa za kisanduku hazikupepesa. Birika halina hatia. Nimemwomba radhi, kimoyomoyo.

Baadaye nimekigusa kisanduku mgongoni. Kina joto la yai lililotoka kutagwa. Nimesoma maktaba kwamba joto laweza kuviua vifaa hivi, na kwamba chaja iliyozeeka nayo hufanya hivyo hivyo: inatoa umeme mpaka pale unapohitajika sana, ndipo inapokosa. Nimekiweka karibu na dirisha, juu ya sahani iliyopinduliwa, kipate hewa.

Jioni binti yangu alipiga. Kengele haikumaliza hata mlio mmoja, nikawa nimeshapokea. Tumeongea vizuri. Hakikuzimika. Labda ni hewa.

Alhamisi, 8 Septemba

Mpwa wangu ametuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya mkononi. Ni mtoto wa mwisho wa Dada, kazi yake ni kupaka rangi. Mtaratibu sana, huzungumza kana kwamba anaogopa kuchafua sakafu.

Anataka kuoa. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba kwa kina binti anayemchumbia wameuliza mtoto wao atalala wapi, na jibu halijapatikana. Nyumba ya Baba haina chumba kilicho wazi ila changu. Kila mwaka Dada hukipakisha rangi, na anayekipaka ni huyu huyu mpwa wangu. Godoro hutolewa juani, hugeuzwa, hurudishwa. Dada ameombwa na wanawe, ameombwa na majirani. Anajibu kwamba chumba kina mwenyewe, na mwenyewe hajasema.

Mpwa hakuniomba chumba. Angeniomba ingekuwa rahisi. Alisema tu: Mjomba, Mama anataka kusikia kwako, kwa mdomo wako. Si kwa ujumbe, si kupitia kwangu. Ukimwambia unakuja, mimi nitatafuta pa kupanga. Ukimwambia vingine, pia sawa.

Nikamjibu kwamba kisanduku kina hitilafu. Tutaongea kikipona.

Ni kweli tupu, kila neno. Ndiyo maana nimeona haya baada ya kuituma.

Jumamosi, 10 Septemba

Binti yangu amekuja na chaja mpya. Yeye ni muuguzi. Hata kuchomeka waya anachomeka kama anayetafuta mshipa. Akasimama jikoni, akapiga namba yangu kwa simu yake. Ikalia, nikapokea. Akapiga tena, nikapokea. Tukaulizana hali kama watu walioko mbali, yeye jikoni mimi sebuleni, na akanitania kwamba ndani ya mashine nina sauti ya ujana. Akapiga mpaka akaridhika.

"Kimepona," alisema, akaitupa ile chaja ya zamani kwenye pipa.

Nilipaswa kufurahi.

Jumapili, 11 Septemba

Kimezimika.

Saa saba, chaja mpya, dirisha wazi, birika baridi. Kengele ililia, ikalia, ikakatika. Nilikuwa kitini. Goti lilikuwa limekaza.

Muda mfupi baadaye ukaja ujumbe wa mpwa, ameona aibu kuusema: Mama anauliza, Mjomba, kama unamkatia simu kwa makusudi. Anasema inaita vizuri kabisa, halafu inakatwa.

Nikamwambia hapana. Mwambie hapana. Ni kisanduku.

Kuna jambo naliona la ajabu. Binti yangu akipiga, kisanduku ni kizima, hakizimiki. Kliniki ikipiga, kizima. Msimamizi wa jengo akipiga kulalamikia takataka, kizima mno. Dada tu. Nimejaribu kuamini kwamba ni umbali — kwamba sauti inayotoka kwetu inafika imechoka na kuanguka mlangoni. Mtu aliyesoma vitabu vingi anaweza kujitungia ujinga mzuri sana.

Jumatatu, 12 Septemba

Nimekutana na fundi cherehani wa ghorofa ya chini kwenye ngazi. Amebeba marobota ya mapazia, nikamsaidia lile dogo. Akaniambia kwamba hiyo si simu niliyonayo, ni gari la zimamoto. Jana ililia juu ya dari lake, akasubiri mtu akanyage sakafu kwenda kupokea, hakusikia mtu. "Nikasema mzee huyu katoka au kafa," akasema. "Nilikuwa naweka sindano chini nipande."

Nikamwambia nilikuwa naoga.

Njia ya mwongo fupi: nilifika mlangoni kwangu nikiwa bado namwona usoni. Alinisikia. Dari lake ni sakafu yangu. Anajua ninapooga maji hushuka wapi.

Alhamisi, 15 Septemba

Mvua. Sikutoka.

Niiandike simu yenyewe. Ni nyeusi, nzito, ya kuzungusha namba kwa kidole, na tumboni ina kengele mbili za chuma na kinyundo. Niliiona kwenye duka la vitu vya mitumba mwaka kisanduku kilipofungwa. Binti yangu alikuwa amenipa moja nyepesi ya plastiki, hiyo nikaipeleka chumbani, kabatini. Nikachomeka nyeusi.

Baba alikuwa mlinzi wa ofisi. Jumapili zamu ikimwangukia alikuwa akituchukua mimi na Dada, tukacheze kwenye korido tupu. Juu ya meza ya mkubwa palikuwa na simu kama hii. Ilikuwa ikilia ofisi ikiwa haina mtu, na sisi tulikatazwa kuigusa. Tulisimama mlangoni tumeshikana mikono, tukaisikiliza. Mimi nilidhani kuna mtu anaumia ndani yake. Dada, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, alikuwa akinibana kiganja.

"Itachoka, Kitinda," alikuwa akisema. "Ikichoka itanyamaza."

Kitinda, kwa kuwa mimi ndiye mziwanda. Hakuna mwingine aliyebaki duniani anayeniita hivyo.

Nilitaka akipiga Dada, iwe inalia ile. Ndiyo sababu yote.

Jumapili, 18 Septemba

Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Binti yangu hakuwa zamuni. Alikuja na mkate na magazeti, akakaa kiti cha mkabala akinishonea mkono wa koti ulioachia. Saa saba simu ikaanza kulia. Ipo kwenye kigoda karibu na dirisha, hatua chache kutoka kwangu. Akainua macho akaitazama simu. Ikalia tena. Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nasoma gazeti.

"Baba, mbona huinuki?"

Nikasema goti. Mlio wa tatu ukakatikia njiani. Taa zikazimika.

 Akachomeka sindano kwenye koti ili isipotee, akachukua simu yake ya mkononi, akasubiri taa za kisanduku zirudi zote. Akapiga. Akaiacha ilie. Ikalia, ikalia, kisanduku kikazimika. Akasubiri tena. Akapiga, safari hii akapokea mara moja, akawa anatembeatembea na mkono wa simu akijisalimia mwenyewe, haloo, haloo. Kizima. Akapiga tena akaiacha ilie. Kikazimika. Alikuwa na uso ule wa kazini, wa mtu anayegonga goti la mgonjwa kuona kama mguu utaruka.

Akaiinua ile nyeusi kwa mikono miwili, akaipima uzito. Ni hii, alisema. Kengele za chuma zinataka nguvu. Kisanduku kinaiinua kidogo, kikiendelea kuibeba kinaanguka. Akaenda chumbani akaleta ile ya plastiki, akaichomeka, akaipigia. Ina mlio wa nyenje. Akaiacha ilie mpaka nikakereka. Taa hazikupepesa hata moja.

"Kwa hiyo hakizimiki ovyo," alisema. "Kinazimika ukichelewa."

Akarudi kwenye koti. Akashona. Kisha, bila kuinua uso:

"Mimi huwa unanipokea kabla haijamaliza kulia."

 Wahenga wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Binti yangu ameosha za watu wengi, na leo ameosha na yangu, akaifunika vizuri, akaondoka kabla ya jioni. Mlangoni akanibusu kipajini kama mtoto anayeachwa shule.

Sikuwa nimejua. Nataka niandike hivyo, na ni kweli nusu. Mwili ulijua. Kila Jumapili goti lilikuwa likikaza saa saba kasoro, likaachia taa zikizimika. Masikio yalikuwa yakisubiri ule mkatiko. Nikiusikia, nilikuwa nikivuta pumzi kama mtu aliyesamehewa.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimeirudisha ile nyeusi.

Asubuhi, kabla ya chai. Nimeitoa ya plastiki, nimechomeka nyeusi, nimefuta vumbi. Nikajiambia ni kwa ajili ya mlio. Kwamba mzee ana haki ya kengele anayoipenda sebuleni mwake. Kwamba nitakuwa tu nainuka mapema.

Jana nilikuwa mtu mwenye goti bovu. Leo mimi ni nani?

Jumatano, 21 Septemba

Yule mama wa kampuni amenipigia mwenyewe, kwenye simu ya mkononi. Anafuatilia, anasema. Hajasahau kile kichekesho cha kunitangulia. Je, tumepata sababu?

Nikasema bado tunachunguza.

Akanitia moyo. Akasema nisichoke, hivi vitu vinataka uvumilivu, na wazee wengi wangekwisha kukitupa. Akasema akituma kingine kipya hakitanigharimu. Mwanamke mwema, ana foleni ya watu wenye shida za kweli, na mimi namshughulisha na shida niliyoichomeka kwa mkono wangu ukutani. Nikamshukuru. Nikamwambia asitume kwanza.

Baada ya hapo nilishindwa kusoma. Nilifungua kitabu, nikaona makosa ya chapa tu.

Ijumaa, 23 Septemba

Mpwa tena. Ujumbe mfupi.

Wamesogeza mambo mbele. Kwa kina binti hawakugomba, wamesema tu kwamba wao si watu wa kungojea mlangoni. Mchumba wake amesema atasubiri, lakini amesema hivyo kwa sauti ndogo. Dada ameshaamua chumba changu kipakwe rangi kama kawaida. Amemnunulia mwanawe brashi mpya na kumwamuru aanze kukwangua kuta. Kwa hiyo yumo humo, anakwangua kuta za chumba asichoweza kukiomba, akimtengenezea mtu asiyekuja.

"Mjomba, mimi sishindani na wewe," alisema mwishoni. "Chumba ni chako. Nataka kujua tu, nijue."

Nimeusikiliza mara nyingi. Hakuna kisu humo ndani. Nimekitafuta, ili niweze kukasirika. Hakuna.

Jumamosi, 24 Septemba

Basi nijiulize leo, peupe, karatasi mbele yangu: kwa nini?

Miaka ya mwanzo niliwaambia karatasi hazijakamilika. Zilikuwa hazijakamilika. Zikakamilika. Nikasema mtoto anasoma. Akasoma, akamaliza. Nikasema kazi, nikastaafu. Nikasema mke wangu anaumwa, naye alikuwa anaumwa. Sasa ningeweza kusema siwezi kuliacha kaburi lake, na kila mtu angeinamisha kichwa. Lakini nisimsingizie marehemu. Yeye ndiye aliyekuwa akisema twende. Alifungasha sanduku siku moja, ninyamaze? — alilifungasha, likakaa ukumbini mpaka likawa mahali pa kuwekea miavuli.

Si goti. Watu wenye magoti mabovu zaidi hupanda ndege kila siku.

Sitaki. Ndilo neno, na nimelizunguka miaka yote hii kama mtu anayezunguka shimo gizani. Napenda kiti hiki. Napenda maktaba, na yule mwanamke wa dawati anayeniwekea magazeti kando. Napenda kwamba hakuna anayenijua hapa kiasi cha kuniuliza. Kule nitakuwa mgeni mwenye chumba. Watanipisha, watanyamaza nikiingia, watasubiri niseme la maana. Na Dada atanitazama amtafute Kitinda, naye hayumo. Alikwisha zamani, taratibu, bila msiba.

Mkataa kwao mtumwa. Nimeisahihisha methali hiyo kwenye vitabu vya shule, nikaangalia nukta na herufi, nikaipitisha. Sikuwahi kuisoma.

Kinachoniaibisha si kutotaka. Mtu hushindwa kutaka, hutokea. Kinachoniaibisha ni kwamba nimemwacha dada yangu ageuze godoro. Kila mwaka, juani, na mgongo wake ule. Nikamwacha, kwa sababu ilinipendeza kujua kuna mahali ninaponing'iniziwa shati langu. Nilitaka kusubiriwa. Sikutaka kwenda.

Jumapili, 25 Septemba

Saa sita na nusu. Nimeitoa nyeusi. Nimeifunga kwenye taulo, nimeiweka chini ya kabati, kinyundo kimegonga mara moja kikanyamaza. Ya plastiki ipo kwenye kigoda. Taa zote zinawaka.

Nimeandaa maneno. Dada, mpe mwanao chumba. Mimi nisamehe. Nimeyasema mbele ya dirisha, yametoka vibaya kila mara. Nikianza na samahani, nafika kwenye chumba nikiwa nalia. Nikianza na chumba, naonekana nagawa mali.

Saa saba na kitu.

Nayaandika haya na mkono wa simu uko mezani pembeni yangu, uso juu. Dada yuko upande wa pili. Amesema nisikate.

Ililia ile nyenje. Mkono wangu ulikuwa juu ya goti. Ikalia mara ya pili, ya tatu. Nikatazama taa. Nilizitazama kama mtu anayesubiri gari la kumchukua. Hazikutikisika. Ikaendelea kulia, kasauti kembamba kasichochoka, na nikaelewa kwamba hii haitaninyamazia. Nikainuka. Goti halikuuma.

"Kitinda?" alisema. Sauti yake imepungua upande mmoja, sijui tangu lini. "Ni wewe, au ni mashine?"

Nikasema ni mimi. Nikasema simu ilikuwa na matatizo.

"Simu au mwenye simu?"

Nikacheka. Naye akacheka, akakohoa, akasema alikwisha kudhani nimemchoka, akawa hata ameanza kunisengenya na majirani. Akanihadithia mgongo, mvua, jogoo wa jirani anayewika mchana kwa kukosa akili. Nilifungua mdomo kusema. Kila nilipofungua, alikuwa ameingia kwenye habari nyingine, kwa furaha, mfululizo, kama mtu aliyeweka akiba ya Jumapili nyingi. Nikamwita: Dada. Akasema ndiyo, najua, unataka kuuliza chumba. Kinakwanguliwa. Akasema mwaka huu amechoka kunichagulia rangi kama kipofu.

"Ngoja hapo hapo, usikate. Mwanao yumo humo na brashi yake. Nimwite, umwambie kwa mdomo wako unataka rangi gani."

Akaiweka simu mezani. Nikamsikia akijiinua kwa kushika kitu, akienda, kandambili zake zikiburuza. Nasikia nyumba. Ndoo imesogezwa. Jogoo yule, kweli hana akili. Nilidhani nimesahau mlio wa komeo la mlango wangu — linasuguana kwanza, halafu linaachia. Limesuguana. Limeachia. Dada anamwita mwanawe, anamwambia Mjomba yuko kwenye simu, aje upesi kabla haijakatika.

Haitakatika. Ya umeme, ya mtandao, ya simu: zimetulia zote.

Wanakuja. Nasikia hatua mbili, moja inaburuza, nyingine ni ya mtu anayeogopa kuchafua sakafu. Yeyote atakayetangulia kuishika simu, nitamwambia yeye.

Mimi sitarudi.